Ridhaa ya Mteja, Hewa ya Watu

Wateja wengi wanaoleta gari linalopuliza joto huwa wameshaamua wenyewe ubovu uko wapi. "Fundi, niongezee gesi." Ni nadra sana mtu kuuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Mimi ni fundi AC hapa Ilala, Dar es Salaam, na swali hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, si kama swali la ufundi peke yake bali kama swali la dini. Mteja ametaka, amelipa, ameridhika. Fundi naye ameridhika. Lakini gesi inayovuja inakwenda kwa watu ambao hawakuwepo tulipokuwa tunapatana bei. Je, ridhaa ya wawili inatosha kuihalalisha kazi hiyo? Mimi nasema haitoshi. Na nitaeleza nimefikaje hapo, pamoja na pale ambapo jibu langu linamuuma mtu asiye na uwezo.

Kwanza tuelewane kuhusu gesi yenyewe. Gesi ya AC haichomwi. Petroli unaitia, injini inaichoma, kesho unatia nyingine. Gesi hii kazi yake ni kuzunguka tu. Kompresa inaibana mpaka inapata moto, kondensa pale mbele ya rediata inaipooza mpaka inakuwa majimaji, kisha inapenyezwa kwenye tundu dogo la ekspansheni, presha yake inashuka ghafla, inaingia evapoleta iliyojificha ndani ya dashibodi. Humo inachemka. R134a, ambayo ndiyo imo katika magari mengi tunayotengeneza, kwenye presha ya kawaida huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo hewa yoyote ya Dar inatosha kuichemsha, na katika kuchemka inalinyonya joto la ndani ya gari. Baada ya hapo inarudi kompresa kuanza upya. Gari dogo hubeba chini ya nusu kilo. Ukiacha ile kidogo mno inayopenya kwenye mipira mwaka hadi mwaka, gesi iliyopungua ni gesi iliyotoka, na kama imetoka basi pana tundu.

Tena si kila joto ni la gesi. Feni ya kondensa ikifa, gari litapuliza baridi safi likiwa mwendoni na likisimama kwenye foleni ya Tazara litaanza kupuliza joto. Relei ikiungua, klachi ya kompresa haishiki. Kile kifuniko kinachochanganya hewa ya hita kikikwama, unaweza kuwa na gesi ya kutosha na bado ukapulizwa uvuguvugu. Kompresa ikichoka ndani, geji mbili hukaribiana injini ikiwa inanguruma: ya chini inapanda, ya juu inashuka. Fundi anayefungua mtungi kabla ya kutazama hayo anauza kitu ambacho hajajua kama kinahitajika. Huyo sina la kumjadili, hukumu yake iko wazi kwenye mlango wa udanganyifu. Ninayemsemea hapa ni yule aliyetazama, akajua, akamwambia mteja ukweli wote, na mteja akasema: sawa, nimekuelewa, niongezee hivyo hivyo.

Mteja mmoja wa namna hiyo alikuwa dereva wa teksi za mtandaoni, kijana mpole, mwenye Toyota IST ambayo si yake. Kila Jumapili anapeleka hesabu kwa tajiri. Gari lilikuwa limepoa chini ya mwarobaini wetu, hewa kama nyuzi 31. Katika joto hilo, gari lililozimwa ambalo bado lina majimaji ya gesi ndani, geji zote mbili husimama karibu na psi 100. Zake zilisimama 60. Maana yake majimaji yamekwisha kabisa, umebaki mvuke. (Wasomaji walio kwenye kazi hii watanikubalia kwamba hata 100 yenyewe haikwambii gesi ni kiasi gani, inakwambia tu kwamba majimaji bado yapo. Kiasi hujulikana kwa mizani.) Nikaanza kulitafuta tundu. Nikapaka povu la sabuni kwenye viungio, nikafungua vifuniko vya valvu za kujazia, nikaangalia kondensa kwa tochi maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na mahali inapovuja vumbi hugandamana na mafuta likawa doa jeusi. Hakuna. Nikainama chini ya gari, pale kwenye kijibomba kinachotoa maji ya AC, nikasogeza kifaa cha kunusa gesi. Kikalia mfululizo. Evapoleta imetoboka. Kazi hiyo ni ya kushusha dashibodi nzima.

Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, nimekuelewa vizuri. Ila leo Jumatano. Abiria akikaa na joto ananipa nyota mbili, nikishuka nyota sipati safari, nisipopata safari Jumapili sina hesabu. Niwekee, ikitoka nitarudi."

Mtu huyo hakudanganywa. Mlango wa fiqhi unaomkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa haunihusu hapa, kwa sababu sikuficha kitu. Tukitazama baina yangu na yeye, mkataba umetimia. Wengi wetu tunaishia hapo, tunasema shughuli imekwisha, na kwa muda mrefu sikusikia mtu akilifungua jambo hili zaidi mpaka darsani, kwenye masomo ya baada ya Magharibi, tulipofika kwenye sehemu ya uchumi na biashara katika kitabu cha Ihya cha Imam Ghazali.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaigawa dhulma ya sokoni katika mafungu mawili: ile inayompata yule unayefanya naye biashara, na ile inayowaenea watu wote. Katika fungu hili la pili anaweka kuhodhi chakula ili bei ipande, na anaweka pia dirhamu bandia. Anachokisema kuhusu hiyo dirhamu ndicho kilichonishtua. Ukiipokea dirhamu bandia bila kujua, ukaijua, kisha ukaitumia, kosa lako haliishii kwa uliyempa. Naye ataitoa kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, na kila mkono inamopita madhara yanaendelea na wewe uliyeufungua mlango unaendelea kuandikiwa, hata baada ya kufa kwako, mpaka sarafu yenyewe iishe duniani. Anataja kauli ya baadhi ya waliotangulia kwamba kutumia dirhamu moja ya namna hiyo ni kubaya kuliko kuiba mia, kwa kuwa wizi ni dhambi moja iliyotendeka ikakatika. Na hasemi kwamba uliyempa akijua ukweli basi umeokoka. Anasema dirhamu hiyo itupwe kisimani, isimfikie mtu kabisa, kwa sababu anayeipokea huku akijua huenda ana nia ya kumpa mwingine.

Soma tena hapo. Ujuzi na ridhaa ya mpokeaji havikuondoi katika lawama, ikiwa kitu chenyewe kitawapitia wengine. Mimi sijaona maneno yanayoifikia kazi yangu kwa karibu zaidi ya hayo, na yameandikwa mamia ya miaka kabla ya kompresa yoyote kufika Ilala.

Sasa gesi. R134a haina klorini, haiharibu tabaka la ozoni kama ilivyofanya R12 iliyotangulia. Lakini kilo yake moja ikiwa hewani hunasa joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kilo moja ya kabonidioksaidi, ukihesabu kwa miaka 100. Nusu kilo, basi, ni sawa na kuchoma lita 280 hivi za petroli, tangi sita na ushei za IST. Na hukaa hewani kiasi cha miaka 14 kabla ya kuvunjika. Ghazali angeuliza sarafu yako itaishi muda gani mikononi mwa watu. Hiyo hapo imeshajibiwa.

Mwenzangu mmoja wa gereji ya jirani ana hoja ambayo si ya kubezwa. Anasema: gramu zako 300 ni nini mbele ya viyoyozi vya dunia nzima? Wenye viwanda na majengo ya vioo wanaachia tani, wewe unamnyima kijana wa watu riziki kwa ajili ya kikombe cha gesi. Ninakubali nusu ya maneno yake. Mwenye tani ana lawama ya tani, na haifai fundi wa chini ya mti ahubiriwe kuliko yeye. Lakini nusu ya pili siikubali. Kipimo cha dirhamu bandia hakikuwa ukubwa wake. Sarafu moja haiangushi soko la Baghdad. Kosa lilikuwa kuwatwika watu hasara bila wao kuulizwa, na hilo linatimia kwa sarafu moja sawasawa na linavyotimia kwa gunia.

Wengine husema elimu hii ni ya juzi, wazee wetu waliachia gesi na walikuwa wacha Mungu. Kweli, na hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kujua. Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani aliyeongoza kazi ya kuzitengeneza gesi za kizazi cha R12, mwaka 1930 alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo kwa pumzi, kisha akaipuliza kwenye mshumaa ukazimika. Alikuwa anaonyesha kwamba haiui na hailipuki, na kwa kiasi alichokijua alikuwa anaokoa watu, maana friji za wakati ule zilitumia gesi zenye sumu. Alifariki mwaka 1944 bila kuujua mwisho wake. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza mwaka 1974 jinsi gesi hizo zinavyopanda juu na kuivunja ozoni; mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya huko imepungua mno; mwaka 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal. Mimi simhukumu Midgley kwa jambo la hewa. Alitenda kwa elimu ya wakati wake. Ila toka siku jambo lilipojulikana, kila anayefungua nati gesi ikatoka kwa mlio wake anatenda akiwa anajua. Na sisi wa upande huu hatuwezi kusema haya ni mambo ya Ulaya. Makubaliano ya kuzipunguza hizi gesi za sasa, R134a ikiwemo, yalifikiwa Oktoba 2016 mjini Kigali, jirani yetu hapo, na yakaanza kutumika Januari 2019.

Kinachonisumbua zaidi ni toba. Tumefundishwa kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina mlango wake, na iliyogusa haki za waja ina sharti la ziada: umrudishie mwenye haki haki yake, au umwombe radhi akusamehe. Ukimwibia mtu betri unajua pa kuipeleka. Gesi ya jana nimpelekee nani? Mvuvi ambaye maji yamempanda? Mkulima ambaye mvua zake zimevurugika? Mtoto ambaye hajazaliwa? Fundi mwenzangu, Mkristo, katekista parokiani kwao, tuliongea haya tukisubiri pampu imalize kazi, akasema kwao swali linakuja kwa sura ya kumtambua jirani, na kwamba jirani wa kwenye ule mfano wa Msamaria alikuwa walau amelala njiani anaonekana. Huyu wetu hatutamwona kamwe.

Wanavyuoni wametoa njia kwa mwenye haki asiyejulikana: utoe sadaka kwa niaba yake. Nami nimewahi kusikia fundi akisema, basi nitaachia gesi na nitatoa sadaka Ijumaa. Hapana. Njia ile imewekwa kwa aliyekwisha kosa, akajuta, akatafuta mwenye haki akamkosa. Haikuwekwa iwe ada ya kulipia kosa unalolipanga. Kwa mtu asiyeweza kuombwa radhi, namna pekee ya kumtendea haki ni kutomgusa tangu mwanzo.

Na yule kijana? Alikuwa amesimama pale, funguo mkononi, akinisubiri. Najua watu watasema dini ni huruma, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini huruma ninayoitoa kwa mali yangu ni huruma. Nikiitoa kwa mali ya watu wengine nimewaibia wao ili nisifiwe mimi. Nikitaka kumhurumia nipunguze ujira wangu, au nimkopeshe, au nikae na gari lake usiku. Hewa si yangu niigawe. Nilimwambia hivyo kwa lugha nyepesi, nikamwambia kutafuta tundu sitamtoza, nikakataa kujaza. Akanishukuru, akavuka barabara, akajaziwa kwa jirani. Ilichukua muda mfupi tu.

Hapo pana swali gumu kuliko lile la mwanzo. Gesi imeachiwa vilevile. Kukataa kwangu kumemsaidia nani? Mtu anaweza kujibu kwamba kila mmoja atahesabiwa kwa mkono wake, na ni kweli. Mimi nalikubali jibu hilo na bado naliona pungufu. Madhara yalikatazwa ili yaondoke kwa watu. Nikijifurahisha kwamba mkono wangu ni safi huku mvuke ule ule unapanda kutoka ng'ambo ya barabara, nimejitazama mimi na nimemsahau yule mwenye haki niliyekuwa namsemea.

Kijana alirudi, kama nilivyojua atarudi, na AC ikipuliza joto. Safari hii sikuanza na gesi. Nilimwomba namba ya tajiri, naye akakubali nimpigie. Katika mazungumzo yote yale kuna mtu wa tatu tuliyekuwa tumemruka, naye hakuwa mbali: mwenye gari. Nikamweleza, "Bosi, kila gesi inapotoka inatoka na mafuta ya kompresa. Mtu akiendelea kujaza juu juu, kompresa itazunguka kavu itakatika, na chengachenga zake zitasambaa mpaka kondensa. Leo ni evapoleta. Mkiendelea hivi itakuwa mfumo mzima." Akauliza maswali ya mtu anayejali pesa yake, ambayo ni maswali mazuri. Akatoa fedha ya evapoleta, akamsamehe kijana hesabu ya siku mbili ambazo gari litakaa kwangu. Mimi nikapunguza ufundi. Kumbe ridhaa niliyokuwa naihitaji tangu mwanzo ilikuwa ya mtu mwenye uwezo wa kukataa na kukubali kweli. Ya dereva aliyebanwa na Jumapili ilikuwa ridhaa ya kubanwa, na hilo nalo wanavyuoni wamelizungumza sana.

Dashibodi ilishuka. Evapoleta ya zamani ilikuwa na unyevu wa mafuta kwenye kona ya chini, majani na vumbi vimeshikamana hapo, na alumini imeliwa. Nikaweka mpya, oringi mpya zilizopakwa mafuta, nikabadilisha na kikausha unyevu maana mfumo ulikuwa umekaa wazi. Nikajaza naitrojeni kwanza, nikaiacha geji ikae nione kama inashuka. Haikushuka. Pampu ya vakyumu ikafuata, kisha gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti. Kijana aliweka mkono kwenye tundu la hewa akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ni nyingine kabisa."

Sasa hivi mafundi kadhaa wa mtaa wetu, yule wa ng'ambo ya barabara akiwemo, tunachanga kununua mashine ya kunyonya gesi kabla ya kufungua mfumo, ili ile iliyobaki ndani isiachiwe hewani. Mabishano ni mengi: ikae kwa nani, anayeitumia alipe kiasi gani. Lakini lipo jingine nililolipeleka darsani, na shehe ameomba muda. Gesi tutakayoinyonya, iliyo chafu, iliyochanganyika kutoka magari ya watu mbalimbali ambao wengi hawataidai, itakuwa ni ya nani? Maoni yangu ni kwamba haki ya kuimiliki inaweza kuwa imepotea kwa wenyewe kuitupa, lakini wajibu wa kuizuia isitoke uko kwa aliyeishika, na hata mtungi ukijaa na kukosa pa kuupeleka bado ni wake. Yule wa ng'ambo anasema nikiufanya wajibu mzito namna hiyo hakuna atakayekubali mashine ikae kwake. Mimi nimesema ikae kwangu.